Choo cha Soko Kinangoja Mgeni Rasmi

Soko la Shauri Mpya, Nakuru
9 Juni 2025

Kwa binti yangu Becky,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia yote iliyobaki hapa nyumbani ukimtoa mhusika mwenyewe, yaani mimi peke yangu, ninakutangazia kwamba baba yako amenunua msumari. Mmoja. Wa inchi mbili. Hana kitu cha kupigilia.

Sasa salamu. Sisi tuko, ila baridi imetukalia shingoni, si unaijua Nakuru ya mwezi wa sita. Wewe je? Mgongo umetulia? Hao wazee wa Uingereza unaowahudumia bado wanakuita kwa jina la mwenzako?

Kile kijitabu cha baraza la mji wenu nilikipata kwa simu kama barua zako, kurasa zote. Akoth wa mboga alinisaidia kwa maneno magumu, tukakisoma kama gazeti. Kwamba kiangazi kimefika, na baraza linawatangazia wananchi siku ya bendi bustanini, saa za kuogelea, mashindano ya sanamu za kutishia ndege, na kwamba bata wa bwawani wasipewe mkate kwa sababu unawafurisha tumbo. Tumbo la bata, Becky! Akoth akauliza, "Kwani hao bata ndio walipiga kura?" Lakini ukurasa wa tisa ndio ulinimaliza. Vyoo vya umma, vyote vimetajwa, saa ya kufunguliwa, saa ya kufungwa, na kipi kina mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu.

Hapo ndipo tunarudi kwa msumari. Choo cha zamani cha soko kilibomolewa mwaka jana ukiwa ungali hapa. Kipya kilimalizika Februari. Kina vigae, kina mlango wa bluu, kina tangi juu kubwa kama shida zetu. Hakitumiki. Wamefunga utepe mwekundu mlangoni, na mbele ya utepe ameketi Levis, askari wa kanjo, hao wa baraza la mji, mtu mzima na tumbo lake, anakilinda kutwa. Kinangoja mgeni rasmi aje kukizindua.

Na kibanda cha viatu cha baba yako kinatazamana pua kwa pua na huo mlango. Kibofu chake kimezeeka kumshinda yeye mwenyewe. Akibanwa inabidi avuke barabara mpaka duka la vifaa vya ujenzi la Nilesh na Kavita. Kavita alimwambia tangu siku ya kwanza, "Gathogo, ingia tu, hapa ni kwako." Lakini baba yako ni baba yako. "Niingie duka la mtu siku nzima nikitoka na kuingia, nisinunue kitu?" Kwa hivyo ananunua msumari. Kila akienda. Juzi nikifua suruali yake nilidungwa mpaka nikaacha maji yakapoa.

Nisalimie bata.

Ni mimi mama yako,
Wangui


15 Juni 2025

Mami mpendwa,

Natumai mnaendelea vizuri. Mimi niko sawa, mgongo umenisamehe kwa muda. Jua limetoka huku na watu wameanza kulilalamikia.

Mami, nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikuuliza daktari wa kliniki alisema nini kuhusu kibofu cha Baba, wewe umenijibu habari ya bata. Unanijua na ninakujua. Ukianza utani ujue kuna kitu umekifunika.

Tafadhali enda ofisi ya wadi. Usitume Akoth, usimtume Baba, wewe mwenyewe enda. Huku mtu akiona taa ya barabara imezimika anaandikia baraza na baraza linajibu. Jirani yangu alilalamika kwamba kengele ya kanisa inamwamsha mapema, wakamwandikia barua ndefu ya adabu. Walikataa, lakini walimjibu. Nanyi mna haki ya kujibiwa.

Binti yako,
Becky


27 Juni 2025

Becky mwanangu,

Habari ya huko? Sisi ni wazima kiasi. Haki yangu ya kujibiwa nimeitumia, na jibu nimelipata, kwa hivyo usiseme hatuendelei.

Ofisini nilimkuta msichana anaitwa Chemutai. Ana adabu, hata kiti alinipa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya choo cha soko.

"Mathe," akasema, "hicho bado hakijakuwa choo."

"Na ni nini?"

"Kwa sasa ni mradi."

"Kitakuwa choo lini?"

"Kikizinduliwa."

Nikamuuliza basi ni nani anangojwa. Akafunga dirisha kwanza. Kumbe hakuna mkubwa anayekitaka. Barabara wanagombania, darasa wanagombania, hata bomba la maji mtu ataacha chakula mezani akimbie kulizindua. Lakini kila mheshimiwa akiambiwa ni choo anakumbuka safari. Mmoja alisema waziwazi kwamba picha yake akikata utepe mlangoni pa choo itazunguka kwa kila simu mpaka siku ya kura. Chama cha upande wa pili nao wamesema mradi si wao, wabebe lawama za nini?

"Na mkifungua tu?" nikauliza. "Bila mtu. Asubuhi moja, Levis anatoa utepe, watu wanaingia."

Chemutai alinitazama kama niliyependekeza tuzike mtu bila maombi.

Hiyo ni ya ofisi. Ya nyumbani ni hii. Kavita ameshtukia misumari. Alimshika baba yako mbele ya wateja: "Gathogo, misumari yote hii unajenga nini, safina ya Nuhu? Sikuuzii tena hata mmoja. Ingia choo kama binadamu, utoke, uende." Alisema kwa mapenzi, lakini baba yako aliondoka na hajavuka ile barabara tena. Sasa ameamua kutokunywa. Chai ya asubuhi hataki, maji hataki, uji nao anauangalia tu. Anakaa kutwa akishona viatu, midomo imekauka kama soli, halafu jioni akifika nyumbani anakunywa kama ng'ombe. Nikimsema ananijibu, "Kwani nimelalamika?"

Mama yako,
Wangui


28 Juni 2025

Mami,

Salamu baadaye. Mwambie Baba anywe maji leo, si jioni, sasa hivi. Nimemhudumia mzee huku aliyefanya hivyo hivyo kwa sababu ya aibu, na najua alikoishia. Kama hataki kwenda kwa Kavita, afunge kibanda akae nyumbani. Figo hazijui heshima ya mtu. Nijibu ukisoma.

Becky wako


6 Julai 2025

Mami, uko wapi?

Simu yako inalia haishikwi. Ya Baba imezimwa kabisa. Akoth ananiambia "mama yuko tu, atakupigia," na sauti yake si sauti ya Akoth.

Leo ilikuwa ile siku ya bendi bustanini. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kulikuwa kunanimaliza. Tarumbeta, watoto wamepakwa rangi usoni, bata wanatembea kama waajiriwa wa serikali. Nikajikuta nimesimama mbele ya kile choo cha ukurasa wa tisa. Mlango wazi, sakafu kavu, hakuna hata mtu mmoja ndani. Nikalia hapo kama mjinga, Mami, mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimepoteza mbwa.

Niandikie hata neno moja.

Binti yako


14 Julai 2025

Becky mwanangu,

Pole. Baba yako yuko hai na yuko nyumbani, hiyo isome kwanza. Nyingine isome ukiwa umekaa.

Ile Jumatatu baada ya barua yako ya kuniamrisha, mkojo uligoma kutoka. Mchana kutwa. Hakusema. Alianguka kibandani na kiatu cha mtu mkononi. Nilesh alimbeba kwa pikapu ya duka, juu ya mifuko ya simiti, Kavita akimshika kichwa na kumgombeza njia nzima. Hospitalini wakamwekea mpira wa kutoa mkojo, wakamlaza. Sikukuandikia kwa sababu sikujua ningeandika nini, na kwa sababu ungeacha kazi.

Daktari ni mama mmoja anaitwa Chepkosgei, hana mchezo. Alimuuliza, "Mzee, mchana unakunywa maji kiasi gani?" Baba yako akasema hiyo inategemea choo. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema figo zimeguswa lakini zitarudi, asikie sana hapo, zitarudi kama atakunywa maji kutwa na kwenda haja kila akibanwa. Akirudia ule ujinga, yeye hataahidi kitu. Mpira wameutoa Ijumaa.

Sasa baba yako ametii daktari, na hiyo ndiyo imeniumiza zaidi. Anakunywa maji, kwa hivyo hawezi kwenda sokoni. Anakaa kitandani na sindano yake ya viatu mkononi akiangalia ukuta. Kwa Kavita hataki, anasema wamembeba vya kutosha. Jana mteja alikuja kuchukua kiatu chake hapa nyumbani. Baba yako akamwambia, "Nenda kwa fundi mwingine. Mimi nimefunga." Becky, miaka yote niliyomjua huyo mtu sijamsikia akisema amefunga.

Basi nimerudi kwa Chemutai. Sikulia, sikupiga meza. Nilimwambia tu, kwa siri, kwamba nimesikia upande wa pili wanakuja Jumamosi kukizindua wenyewe, na tenti wameshaagiza. Nikatoka hapo nikapita kwa Awuor, anayeuza chai nje ya ofisi ya upande wa pili, nikamwambia maneno hayo hayo, ila nikageuza nani anamkimbiza nani. Awuor nikamsihi asimwambie mtu. Nilijua nimetangaza redioni.

Kufikia jioni vijana walikuwa wanapaka chokaa mawe ya kando ya barabara.

Mama yako,
Wangui


15 Julai 2025

Mami,

Nimesoma nikilia, nikafika mwisho nikicheka, mwenzangu wa zamu akafikiri nimerukwa na akili. Umewadanganya wote wawili? Huku ningeshtakiwa.

Sitakugombeza kwa kunificha. Nitakugombeza nikija.

Jumamosi Baba aketi karibu na mlango. Nimebadilisha zamu nikae na simu mkononi. Nataka kujua kitu kimoja tu: ameingia, au hajaingia.

Binti yenu,
Becky


21 Julai 2025

Becky mwanangu,

Natumai umelala vizuri. Mimi sauti imenipotea ndiyo maana sikushika simu.

Waheshimiwa walikuja wote wawili, kila mmoja na tenti yake, spika yake na wachezaji wake wa ngoma. Kwa saa nzima ngoma mbili zilipigwa pamoja hata wachezaji wakawa hawajui wanachezea nani. Kibao cha ukutani kinasema "Kituo cha Kisasa cha Usafi na Heshima." Nilisikiliza hotuba zote kwa makini. Neno choo halikutajwa na mtu.

Baba yako alivaa lile koti la harusi ya dada yako, akaketi safu ya mbele kama mzee wa kanisa. Alikuwa ameshika chupa ya maji, anakunywa kama alivyoagizwa na daktari. Nikamnong'oneza, "Punguza, hawa hawajamaliza." Akasema, "Leo kuna choo, Wangui. Niache."

Ulipofika wakati wa utepe kukazuka ubishi nani akate. Emsii wa sherehe, mtu wa maana, akatafuta mikasi miwili, wakakata wote. Makofi. Picha. Halafu mheshimiwa mmoja akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Ufunguo."

Levis akamwangalia Chemutai. Chemutai akamwangalia Ndung'u, mkandarasi. Ndung'u akamwangalia Levis.

"Mimi nilipewa mlango nilinde," Levis akasema. "Sikupewa ufunguo."

"Niliacha ofisini," akasema Ndung'u.

"Ofisi gani?" akauliza Chemutai. "Hata risiti ya ufunguo sijaiona."

Mheshimiwa wa kwanza akachukua maikrofoni, akaahidi kuunda kamati ya kuchunguza ufunguo uko wapi. Wa pili akaahidi kamati kubwa zaidi. Watu wakaanza kupiga mayowe, Akoth akapaza sauti, "Tupeni hata dirisha!" Nilesh akatuma drili iletwe kutoka dukani wavunje kitasa.

Wakati huo baba yako alikuwa amesimama. Magoti yamebanana, uso una rangi ya yale mawe ya kando ya barabara. Nilimwambia twende kwa Kavita, nikamshika mkono. Kavita mwenyewe alikuwa ameshamshika ule mwingine. Baba yako akatukung'uta wote wawili. "Nipisheni," akasema, wala si kwa nguvu. Akapita katikati ya waheshimiwa, akakanyaga utepe, akashika mkono wa kitasa ili asianguke, na mlango ukafunguka.

Ameingia, Becky. Hilo ndilo jibu lako. Alikaa humo muda mrefu, soko lote likimngoja. Alipotoka alinawa mikono, akaifuta kwa lile koti la harusi, akaenda moja kwa moja kufungua kibanda. Leo pia yuko kazini. Ana chupa ya maji kando ya nyundo, na nimemwona akienda chooni na kurudi bila kumwangalia mtu usoni, vile mtu anavyoingia nyumbani kwake.

Levis ameapa kwa mama yake kwamba miezi yote hiyo hakuwahi kuugusa ule mlango, kwa kuwa ulikuwa haujazinduliwa. Akibanwa, alikuwa anakwenda kwa Kavita.

Nilesh alikikagua kitasa kabla ya kurudisha drili dukani. Ni kizima, hakina kasoro. Hakikuwahi kufungwa na ufunguo tangu kilipowekwa.

Ni mimi mama yako,
Wangui