Tairi Alizonichagulia Shemeji

Jumamosi, katikati ya Januari. Jua linawaka lakini halina joto, na theluji ya Jumatatu imeganda huko nje hadi ukiikanyaga inapasuka kama sahani. Kiganja changu cha kushoto kina bandeji. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kulia, polepole, huku mwanangu Nuru amelala ubavuni mwangu, mdomo umevimba.

Nina hasira. Siyo ile ya kununa. Ni ile ya kuvunja vitu, na leo nimeshavunja.

Tangu Novemba nilikuwa natafuta tairi za theluji. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu inaanza saa mbili asubuhi, na wazee hawaachi kuhitaji kuogeshwa eti kwa sababu nje kumekuwa kweupe. Kila siku namshusha Nuru kwa mlezi wake, halafu naingia barabara kuu, I-270. Mwaka wetu wa kwanza hapa Gaithersburg theluji ilikuwa ya kubahatisha, tukapita nayo hivyohivyo. Mwaka huu nikasema hapana. Nina mtoto wa miaka minne kwenye kiti cha nyuma.

Basi nikajifunza. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini kusoma najua na kuuliza siogopi. Nikaenda duka la tairi saa ya chakula cha mchana, nikamuuliza muuzaji maswali mpaka akavuta kiti akakaa. Akanionyesha alama ndogo ubavuni mwa tairi: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Tairi isiyo na huo mlima, akasema, isiaminiwe kwenye theluji. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya joto ndizo mbaya zaidi, baridi ikizipiga mpira wake unakuwa mgumu kama plastiki. Akanionyesha pia namba nne zinazotaja wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Nikaandika yote nyuma ya bahasha.

Halafu akaja Shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea Baba Nuru baba yao alipofariki, ndiye aliyetupokea hapa Marekani, na miezi sita ya kwanza tulilala chumbani kwake, yeye akalala kwenye kochi. Sisahau hilo. Nyumbani alikuwa dereva wa lori, Dar hadi Kigoma, enzi zile barabara ni tope na masika madereva wanalala porini wiki nzima wakisubiri kuvutwa. Kwa mtu kama huyo tairi ni kashata, basi. Zile nundu za mpira zikiwa nene, tairi ni nzima. Zikiisha ni kipara, tupa.

Akatuletea tairi nne alizopewa na rafiki yake anayehama. Alizipanga sebuleni juu ya magazeti, akachomeka kidole gumba kwenye kashata kikazama mpaka kwenye kucha, akanitazama kwa fahari kama mtu aliyeleta mbuzi. Nikachukua bahasha yangu. Nikasema taratibu kwamba sizioni zile alama za mlima.

"Mlima wa nini, shemeji?" akasema. "Unaenda kupanda Kilimanjaro au unaenda kuogesha mabibi?"

Baba Nuru akacheka. Na mimi nikacheka.

Hapo ndipo penye dhambi yangu, naiandika kama ilivyo. Nilikuwa nimeshaona namba: tairi zina miaka minane. Nilikuwa nimeshaona mlima haupo. Nikarudisha bahasha kwenye droo nikaenda kusonga ugali, kwa sababu kwetu Shinyanga mwanamke hambishii kaka wa mumewe, tena mbele ya mumewe, tena mtu aliyewapa kitanda chake.

Zikafungwa kwenye gari langu. Jumatatu hii theluji ikaanza kabla hatujaamka.

Kutoka kwetu kuna mteremko unaoshuka hadi kwenye taa. Nilikuwa naenda mwendo wa mtu anayetembea, naapa. Taa ikawa nyekundu, nikagusa breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, ikanguruma, na gari halikusimama. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Gari likaendelea kushuka kama limeachwa na Mungu. Nikakata usukani, na mkia ukatupwa upande, tukazunguka, dunia ikawa nyeupe na ya kasi, kisha upande wa Nuru ukaenda kujibamiza kwenye chuma cha pembeni mwa barabara.

Sauti ile bado iko kwenye meno yangu.

Kioo cha nyuma kilipasuka kikamwagika juu yake. Kabla sijafungua mkanda, gari dogo la mizigo lililokuwa nyuma yetu nalo likateleza likatupiga ubavuni, kichwa changu kikagonga dirisha. Nikasikia kimya. Hicho kimya ndicho kitakachoniua siku moja. Kisha Nuru akapiga ukelele, na sijawahi kufurahia ukelele hivyo. Nilipomfikia alikuwa na damu kuanzia mdomoni hadi kwenye koti, na vioo kwenye nywele nilizomsuka Jumapili. Mlango wake ulikataa. Niliupiga ngumi, nikaupiga teke, nikaupiga kwa kiwiko, nikitukana matusi ambayo sikujua ninayo. Nikamtoa kwa mlango wa pili.

Akaniuliza, kwa Kiingereza chake maana Kiswahili anaelewa tu, kama tumeua mtu.

Hospitali wakamshona mdomo nyuzi mbili. Alikuwa ameuuma mwenyewe. Kifuani ana alama nyeusi ya mkanda, imepita kama mtu kamchora kwa mkaa. Daktari akasema ana bahati. Mimi nilikaa pale nikiwa nimeshika kiatu chake, nikiwaza kumpiga mtu, yeyote.

Gari lilipelekwa kwa fundi wetu, mzee Mkongo ambaye humwita kila mwanamke mama. Alipiga tairi ya Shemeji kwa spana, ikalia ko, ko. "Mama, hii mpira ni ya joto," akasema. "Baridi ikifika inakuwa sawa na jiwe. Kashata iko, lakini jiwe halishiki." Nilipomuuliza kama nitafunga mbili za mbele tu kwanza, akakataa katakata. Mbele zikishika na nyuma zikateleza, mkia utakupita, akasema. Nikachagua nne mwenyewe, zote zenye mlima, zote za mwaka uliopita. Nilizibonyeza pale kwenye baridi, zikabonyea. Sikumpigia mtu simu kuomba ruhusa.

Gari limerudi jana, na mlango wa rangi nyingine. Tairi za zamani fundi alizitia kwenye buti, nikazipanga uani nikidhani zitaenda kutupwa.

Leo saa tano asubuhi Baba Nuru akanitajia, akinywa chai, kwamba Shemeji anapita kuzichukua. Kuna dada mmoja Mkenya anakaa Sterling, ana mapacha, tairi zake zimekuwa kipara. Kashata bado nene, akasema. Mtu asaidiwe.

Nikamwambia hazitoki hapa. Akasema ajali ni ajali, hata tairi mpya ingeteleza, na nisimvunjie heshima kaka yake kwa jambo ambalo hakulikusudia. Nikamwambia mara ya pili. Akainua kikombe akageukia dirisha, maana gari la Shemeji lilikuwa linaingia.

Nilichukua kisu cha nyama ya mbuzi.

Nilitoka na ndala na soksi. Nikaikalia tairi ya kwanza kama mtu anayekalia mnyama, nikachoma ubavu wake. Mpira ule ni mgumu, haukubali. Nikachoma tena, nikavuta kwa mikono miwili, ukachanika ukitoa sauti ya nguo nzito. Ya pili. Nilikuwa nahema, nalia, kamasi zinaganda. Kwenye ya tatu kisu kikateleza kikapita kiganjani, na damu ikadondoka kwenye theluji, nyekundu sana. Sikuacha. Shemeji alikuwa amesimama na funguo mkononi. Baba Nuru mlangoni aliita jina langu, lile la nyumbani, ambalo halitumii.

"Shemeji, kisu hicho," akasema Shemeji. Kwa sauti ndogo. Aliniogopa, nimeliona.

"Mimi nilijua," nikamwambia. "Ulivyozileta nilijua nikanyamaza. Yule dada hajui."

Nikamalizia ya nne.

Shemeji alitazama zile tairi, moja moja, kama anayehesabu maiti. Akaingia kwenye gari lake akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwangu. Baba Nuru alinifunga kiganja kwa mikono yenye hasira, akakaza bandeji kuliko inavyotakiwa. Akasema nimemdhalilisha mtu aliyemlea. Ni kweli. Nimemdhalilisha.

Yule dada nimempigia simu mwenyewe. Mwanzoni alinijia juu, akaniambia nimemharibia kitu alichopewa. Nikamsimulia mdomo wa Nuru. Akaniomba nimtumie picha ya ule mlima. Jumatatu hii inayokuja haendi popote, amesema, mpaka apate zenye alama.

Kwa hiyo mapacha wamepona. Ningepaswa kulala.

Silali, kwa sababu Shemeji alipokuwa anageuza gari nilitazama magurudumu yake. Nimekuwa mtu wa kutazama magurudumu. Kashata nene, safi kabisa. Mlima hakuna. Na kila siku saa kumi na moja alfajiri mtu huyo anabeba abiria kwenda uwanja wa ndege wa Dulles, na theluji nyingine wanasema ni Jumatatu.

Kumchania tairi zake siwezi. Nimewaza, nakiri. Nimewaza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kesho baada ya kanisa nitaenda kwake na Nuru na chungu cha makande anayoyapenda. Nitapiga magoti kama tunavyofanya kwetu, nimwombe radhi kwa kisu, kwa damu, kwa sauti, kwa chai ambayo hakunywa. Hiyo heshima ni yake na nitaitoa yote.

Lakini sitainuka. Atasema inuka shemeji, yameisha, na mimi nitabaki pale chini kwenye kapeti lake mpaka avae viatu twende kwa fundi.