Tuta la Karibu na Bomba

4 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, isipokuwa hili goti linalopenda kunikumbusha umri. Wewe hujambo? Unakula?

Nimepanda kunde kwenye tuta lako, lile la karibu na bomba. Katibu wa bustani yetu anasema tuta lisilolimwa msimu mzima atapewa jirani mwingine. Nikamwambia mwenyewe yuko njiani. Akacheka. Basi asubuhi napalilia langu, jioni lako, nione atasema nini.

Nakutumia mbegu. Panda hata kwenye ndoo. Udongo ukiwa mbaya tengeneza mboji: maganda ya viazi, majani makavu, maji kidogo, halafu ugeuze. Ikinuka, umezidisha maji, usinisingizie mimi.

Unarudi lini?

Baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Goti vipi? Umelikanda?

Kazi ni ile ile, kufua mashuka ya hospitali. Nikitoka napanda ngazi hadi chumbani, nafunga mlango. Wiki inaweza kuisha sijaongea na mtu isipokuwa muuza duka, naye ananiambia bei tu.

Ndoo nimeiweka juu ya paa. Mboji niliianzia chumbani, nayo ilinuka, Baba! Mshonaji wa chumba cha chini alikuja kugonga: "Dada, umeficha maiti humu?" Ndiye mgeni wangu wa kwanza tangu nihamie. Nilimweleza ulivyosema, na kesho yake akaniletea majani makavu mfuko mzima.

Nitarudi mwisho wa mwaka. Usimpe mtu tuta langu.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Habari za huko? Goti linakusalimu.

Habari ya maiti nimewasomea watu wote bustanini. Katibu alicheka mpaka akakaa chini. Mwambie mshonaji aweke majani makavu juu kila mkimwaga maganda.

Kunde zako zimezaa kupita kiasi. Nimezigawa, mtu mmoja atakula kiasi gani? Redio imekufa, nyumba imekuwa kimya mno. Jioni naongea na tuta lako. Usicheke.

Kuna mama wa mapacha anangoja nafasi. Katibu kaniuliza tena. Nimemjibu: mwisho wa mwaka.

Baba yako

15 Novemba

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Mimi mzima wa mwili.

Paa letu si lile tena. Mlinzi wa jengo kaleta mabeseni mabovu, mshonaji kapanda nyanya, na kila chumba kinaleta maganda. Barua zako nawasomea, wanakuita Mwalimu. Mimi wamenikabidhi mbegu, nizitunze na kuzigawa.

Baba, nimeongeza mkataba. Sirudi mwisho wa mwaka, na nikikutajia tarehe nyingine nitakuwa nakudanganya. Hapa sasa kuna watu wanaonigongea mlango. Mpe mama wa mapacha tuta langu. Naandika huku nalia. Usinikasirikie.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa wote wa paani. Usiilaumu posta kwa kuchelewa huku. Ni mimi. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Sijakukasirikia. Nina upweke tu, na hilo si kosa lako.

Mama wa mapacha nimemkabidhi tuta. Kapanda mchicha, kaubananisha vibaya. Nilijikaza nisiseme, nikashindwa, nikasema. Alinisikiliza vizuri.

Ndani ya bahasha kuna mbegu za kunde zako za mwisho. Nimezitia zote, huko kuna walaji.

Jana jioni nilibeba jembe nikafika mpaka kwenye bomba, ndipo nikakumbuka. Langu nilikuwa nimeshalipalilia asubuhi. Nikanawa mikono, nikarudi nyumbani jua bado linawaka.

Mboji ikinuka tena, niandikie. Isiponuka, niandikie vilevile.

Baba yako