Peugeot ya Baba na Mercedes Yangu

Likasi, Panda, tarehe 9 Agosti

Kwa yaya Henriette, dada yangu mkubwa mpendwa,

Jambo sana, yaya. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kolwezi, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wako umepona. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Baba anakula vizuri, ila haongei sana.

Ndoa ya binti yangu Danielle ilipita salama, ingawa tulikukosa. Pengine umesikia kwamba alifika kanisani ndani ya Mercedes yangu, si ndani ya Peugeot 404 ya baba. Na baba alikuwa amemwahidi tangu utotoni kwamba atampeleka yeye mwenyewe.

Wiki ile baba aliiosha motokari yake kila asubuhi. Unaijua: ya mwaka 1967, gia kwenye usukani, viti vimeshonwa na kushonwa tena, vumbi lote la njia ya Shituru linaingia ndani. Yangu ni ya 1986. Milango inafunga taratibu, na ukikaa ndani mngurumo wa moteri huusikii. Baba aliizunguka, akaisifu kwa haki, kisha akaniambia: "Ya kwako iko muzuri, Bertin. Lakini hii njo ilileta mama yenu na ninyi bote kutoka materniti, kila mutoto alipozaliwa." Nilicheka tu. Niliwaza wakwe wa Lubumbashi wakituona tunashuka kwenye mkweche.

Yaya, nisikufiche. Siku moja kabla ya ndoa nilitoa kipande kidogo ndani ya delko, kile kinachopeleka moto kwenye bujii ili moteri iwake, nikakitia mfukoni. Gari likakataa kuwaka. Baba akaniita, maana fundi wake ni mimi. Nikamwambia moteri imekufa, haitengenezeki. Aliniamini.

Nilikusudia kukirudisha baada ya sherehe. Lakini nilipokuwa nawasindikiza wakwe Lubumbashi, baba aliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalibeba. Nilirudi nikamkuta anafagia mahali gari lilipokuwa. Akanipa pole, mimi, akasema anajua nilijitahidi.

Jumapili nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Akauliza kama Danielle anajua. Nikasema hapana. Akajibu: "Usimwambie. Ndoa yake ibakie safi."

Sasa ameomba kuja kukaa kwako. Nilitaka kumleta mwenyewe kwa Mercedes. Akanishukuru, akasema atapanda basi. Umpokee Jumamosi, yaya.

Marlène na watoto wetu wanawasalimu nyote. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Bertin