Bei ya Kufungulia

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama amepata miwani mipya na sasa anakosoa hata ninavyofagia.

Unauliza kwa nini hisa zako za kiwanda cha saruji ziliuzwa kwa shilingi arobaini kila moja, wakati uliagiza ziuzwe zikishuka hadi themanini. Baba, bei haiteremki ngazi moja moja. Jioni soko lilifungwa kwa tisini, usiku kiwanda kikaungua. Asubuhi mpanga bei wa hisa hizo pale sokoni huangalia maagizo yote ya kununua na kuuza yaliyolala, kisha hutaja bei ya kufungulia. Themanini tuliiruka, na agizo kama lako likishapitwa huuza kwa bei yoyote iliyopo.

Mpanga bei ni mimi. Agizo lako nililiona kabla ya kengele ya kufungua soko. Sitini ingetosha kupata wanunuzi, lakini nilitaja arobaini, nikazinunua zako zote kwa niaba ya kampuni yetu. Kufika saa sita mchana zilikuwa zimepanda hadi sabini.

Ulipomuuzia rafiki yako nyumba ya marehemu baba kwa bei ya kutupa, mama alilia. Ukamwambia, "Shemeji, bei ya soko ndiyo hiyo." Nilikuwa nimesimama mlangoni na godoro kichwani.

Mama anakusalimu. Amesikia unatafuta pa kuishi. Hapa tulipopanga, chumba kinachopakana na choo kiko wazi. Kodi ni bei ya soko.

Ni mimi mwanao, uliyenifundisha hesabu.