Chuma cha Mtu Mwingine

Mpendwa Tata,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: siku ile wodini Kisii sikukosea kutafsiri. Nilidanganya, kwa sababu uliniambia.

Daktari aliweka vyuma viwili juu ya blanketi la Nyanya. Kimoja kilikuwa msumari mrefu wenye bamba. Huo ungeshika mfupa wake mwenyewe wa nyonga uliovunjika, ila kwa umri wake huenda mfupa usiunge, na asingekanyagia mguu huo kwa miezi. Cha pili kilikuwa na kichwa cha mviringo. Wangetoa kichwa cha mfupa uliovunjika, waweke hicho. Upasuaji mkubwa zaidi, lakini angesimama baada ya siku chache. "Mimi ningempa hiki," daktari akasema kwa Kiingereza, "lakini achague mwenyewe."

Ukanivuta dirishani. "Mama yangu hatazikwa nusu, mfupa wake mwingine umebaki Kisii. Mwambie ni msumari tu. Yakiharibika, nitajibu mimi."

Nyanya akakigusa kile cha mviringo. "Na hili yai ni la kuku gani?"

Nilicheka nisije nikalia. Nikamjibu kwa Kigusii, "Magokoro, hicho ni cha mtu mwingine."

Akawekewa msumari, nao ulihama, Tata. Shangazi walipokuja kutoka Nyamache, Nyanya aliuliza mbele ya wote kwa nini jirani yake wa wodini, aliyewekewa yai, anakwenda sokoni Nyakoe mwenyewe. Nilikutazama. Nikangoja. Ukapuliza chai yako.

"Muulize huyu Kwamboka," ukasema. "Kizungu cha darasa la saba hicho!"

Wakacheka. Na wewe ukacheka.

Kesho yake ukarudi kazini Kericho. Nyanya akaniambia, "Ulimi wako ulienda shule, ukaniacha njiani." Aliyekuwa akinitania kwa kuniita mke mwenza sasa ananiita "wewe," na maji anamtuma mwingine.

Siku yangu ya kwanza shuleni ulinibeba mabegani, ukawaambia watu wa Keroka, "Huyu ndiye mdomo wetu." Mimi naona haya hata kusalimia wageni, lakini neno hilo nililiamini.

Nasikia mkongojo uani, kisha mguu unaoburutwa. Kila akipita nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya godoro. Leo naiacha mezani. Hajui kusoma, nitamsomea kwa Kigusii, na mara hii sitaruka neno. Utakapoipata, atakuwa ameshaisikia.

Baki salama huko kwenye majani chai.

Aliyekuwa mdomo wako,
binti yako Kwamboka