Kwa Nini Mama Alisema Anaogopa Bahari

Dharampeth,
Nagpur.
22 Februari

Mpendwa wifi yangu Mrunal,

Natumai barua hii itakukuta umekaa mahali penye joto, maana jana kaka yako Mandar alitazama hali ya hewa ya Calgary kwenye simu yake akaanza kutetemeka yeye huku. Hujambo lakini? Mgongo wa shemeji Shirish umepoa? Kaivalya na Ira wanaendeleaje na shule, na bado Ira anakataa dengu? Sisi tu wazima kwa sasa. Hilo neno "kwa sasa" nitalieleza, usishtuke. Naandika moyo wangu ukiwa umetulia, na Baba yuko barazani anabishana na gazeti.

Machungwa ya mwaka huu yametoka matamu sana. Ovi amerefuka, ananipita mimi mama yake, na ameanza kuita "Maaama" kwa sauti ile ile ya kwako ya kuburuta. Bibi yake akiisikia hugeuka mlangoni akidhani ni wewe.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Unaijua nyumba yetu. Simu ikilia wote tunajaa sebuleni, Baba ndiye anayeishika, na mwenye neno la faragha hana budi kujifungia bafuni. Nililo nalo ni refu, halitoshi bafuni.

Ni habari ya ile meli.

Baada ya Diwali, uliposema wewe na Shirish mnataka kuwapeleka wazazi safari ya meli, kutoka Barcelona hadi Napoli hadi Athene, Baba alinyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika. Mrunal, hukuuona uso wake. Mtu amefundisha jiografia maisha yake yote, ameichora Mediterania ubaoni bila kutazama kitabu, na bahari aliyowahi kuiona kwa macho ni ile ya Mumbai, siku ya arusi ya mjomba. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Bwana Ghate wa nyumba ya pili, aliyekwenda Ulaya na kikundi cha watalii, aliitwa barazani akaonyeshwa kwenye atlasi miji aliyopita akiwa amelala ndani ya basi.

Tukaenda kwa Bwana Pimpalkar, wakala wa safari pale Sitabuldi. Nilidhani atatuuliza tunataka kwenda wapi. Yeye akauliza nani hutapika garini, nani hali vitunguu, nani hawezi kulala chumba kisicho na dirisha. Akatueleza kwamba watu wengi wa kwetu, safari ya kwanza, huanza na meli fupi inayotoka Mumbai kwenda Goa na visiwa vya Lakshadweep, maana wapishi wake wanajua dengu na wali bila kuelezwa. Wengine huruka hadi Singapore wakapandia huko. Ulaya ni nzuri, akasema, ila viza ina mambo yake, lazima utazame kama inakuruhusu kuingia tena meli ikitoka na kurudi, na kuna siku mtaamka msione kitu ila maji.

Hapo ndipo Mama aliposema hapandi.

Tulidhani anatania. Akarudia kwamba anaogopa maji marefu. Kama ni lazima meli, basi ile fupi, isiyokwenda mbali na nchi kavu. Kama si hiyo, abaki nyumbani. Baba akamgeukia Bwana Pimpalkar, akasema, "Huyu, bwana, akiona ndoo imejaa anashika ukuta." Pimpalkar akacheka, Mandar akacheka, na mimi nikacheka. Mama alivuta upindo wa sari yake begani, akatazama picha za meli ukutani.

Jioni ile ukapiga simu, na Baba alikuwa ameiweka kwenye spika. Ulisema, "Mama, Baba ameisubiri bahari miaka yote hii, na wewe leo ndiyo unaanza kuogopa." Sote tulisikia. Mama alijibu, "Sawa, mwanangu," akaenda jikoni. Tangu siku hiyo unampigia Mandar kazini.

Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wako, na nilikuwa nikiosha vyombo kwa kelele kidogo ili ajue.

Siku moja mchana, wanaume hawapo, tulikaa naye chini tukichambua majani ya uwatu. Nilikuwa nimechoka kununa. Nikamwambia, "Mama, tangu niolewe humu sijakuona ukiogopa kitu. Nyoka aliingia bafuni ukamtoa kwa fagio. Leo maji?"

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Funga mlango wa barazani."

Akanieleza. Unakumbuka ngazi za hekalu la Ramtek. Yeye na Baba walipokwenda wakati wa mvua, Baba alisimama njiani mara kwa mara akimwonyesha vilima na kuvitaja majina. Mama akasema vilima vile ameonyeshwa tangu alipokuwa bibi arusi, ila safari hii mkono mmoja wa Baba ulikuwa kifuani. Hakumwuliza. Siku chache baadaye muuza dawa wa pale kona akamwuliza kama vile vidonge vya Mwalimu vya kuweka chini ya ulimi vimekwisha. Mama akajibu kwamba bado vipo, kana kwamba anavijua. Akamtafuta mwenyewe daktari wa Baba, akampata. Daktari akasema alitaka kupiga picha ya mishipa ya moyo, na Baba amekataa, amemwomba asimwambie mtu wa nyumbani.

Nikamwambia amweleze Baba kwamba anajua, tumpeleke hospitali, akitaka asitake.

Akasema, "Akijua kwamba ninajua, atakuwa mgonjwa. Sasa hivi bado ni mwalimu."

"Na Ulaya?"

"Siku nzima maji matupu, Ketaki. Akianguka kule nitapiga kelele kwa Kimarathi, nani ataniitikia?"

Kumnyima bahari kabisa hakuweza, Mrunal. Alijua ameitamani mno. Ndiyo maana alitaka ile meli fupi, yenye daktari, ya watu wanaoelewa lugha yake, na njia ya kuifikia bila kumwambia Baba kwamba moyo wake ndio sababu, ilikuwa Mama kusema kwamba mwoga ni yeye. Nikamkumbusha kwamba wewe umekasirika. Aliyakusanya majani kwenye sinia kabla ya kunijibu.

"Mrunal akinikasirikia mimi, analala," akasema. "Akijua habari ya baba yake, na yuko mbali namna ile, halali."

Aliniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa, ingawa kumficha Mandar kuliniuma kama jino.

Nikarudi kwa Pimpalkar peke yangu. Baba alikuwa ameikubali ile meli fupi kwa kususa, anaiita "meli ya kuoshea miguu," kwa hiyo kazi ya kuchagua ilibaki kwangu. Nilichukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko haiyumbi sana, na karibu na lifti. Dirisha niliomba, hata kama halifunguki. Niliuliza daktari wa melini anakaa wapi. Pimpalkar alinitazama, akasema mama mkwe wangu aliwahi kurudi pale na kumwuliza hilo hilo, akisingizia amesahau shali.

Tulisafiri Januari, bahari ikiwa shwari. Bandarini Mumbai Baba alisahau kususa. Meli ilikuwa kubwa kama mtaa uliosimama wima, na yeye alikuwa tayari amewapata wasikilizaji, familia moja kutoka Jabalpur, anawaeleza pepo za kaskazini mashariki. Chakula tulikipata cha kwetu, dengu na wali, ingawa Mama alisema chapati zao zimepikwa na mtu mwenye haraka. Mandar aliumwa na kichefuchefu kabla hatujaona mawimbi.

Asubuhi yake, baada ya chai, tulikuwa sitahani. Nchi kavu ilikuwa imepotea. Baba alikaa kitini, mimi na Ovi nyuma yake. Mama akaenda mpaka ukingoni. Mrunal, nakwambia kama nilivyoona. Aliegemea chuma kwa tumbo, akainama kutazama povu kule chini, upepo ukamfungua nywele naye asizishike. Alikuwa anacheka peke yake. Amezaliwa Wardha, amezeekea Nagpur, hajawahi kuona maji mengi hivyo, na alisahau kabisa kwamba anatakiwa kuogopa.

Baba alimtazama muda mrefu. Kisha akaita, "Indumati."

Mama akageuka, nywele usoni.

"Wewe huogopi."

Niliona anatafuta uongo mwingine. Hakuupata. "Siogopi," akasema.

Baba si mjinga, alikuwa anakokotoa. Mwishowe akauliza polepole, "Tangu lini unajua?"

"Tangu Ramtek."

Aliinuka akaondoka. Hakula nasi chakula cha mchana. Mandar alikuwa amepanda sitahani wakati huo, amekunja uso, anauliza kuna nini, na ilibidi Mama amweleze mwenyewe palepale. Sitaki kukuandikia uso wa kaka yako. Alitaka kumfuata Baba, Mama akamzuia, akasema mwache, hapandi ngazi, anatembea tambarare.

Alasiri Baba alirudi akakaa kiti cha pembeni ya Mama. Chai ilipokuja akamwambia, "Uliniacha nikakucheka mbele ya Pimpalkar."

Mama akasema, "Ulikuwa unacheka vizuri. Ulikuwa hujacheka hivyo siku nyingi."

Baba alivua miwani akaifuta kwa upindo wa sari ya Mama, ingawa alikuwa na leso mfukoni.

Tulipofika Lakshadweep, abiria walishushwa kwa boti ndogo kwenda ufukweni. Baba alikuwa amevaa kofia, yuko kwenye foleni, na mimi nilikuwa nawaza nitamzuiaje. Akatoka mwenyewe kwenye foleni. Akasema, "Nendeni nyinyi. Mimi leo sishuki, kifua hakiko sawa." Alilisema mbele ya watu wa Jabalpur, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema viatu vinambana. Mama akabaki naye. Tuliporudi tuliwakuta wamekula sahani nzima ya bajia, na Mama ameweka miguu juu ya kiti cha Baba. Hajawahi kufanya hivyo hapa nyumbani.

Basi, mengine ni haya, yasome ukiwa umekaa. Tuliporudi Nagpur, Baba alikubali kupigwa ile picha ya mishipa. Mishipa miwili ilikuwa imeziba karibu yote. Wamemwekea vijibomba vidogo vya waya ndani yake kupitia mkononi, bila kumpasua. Amerudi nyumbani, anatembea hadi kona na kurudi, anakula bila chumvi na analalamika kwa wote wanaopita. Daktari ameridhika. Mandar alitaka kukupigia siku ile ile ya hospitali, ugomvi ukawa mkubwa. Baba ndiye aliyekataa, alisema utapanda ndege na watoto katika theluji kwa jambo la vijibomba. Jana akaniambia, "Sasa mwandikie wewe. Nikiandika mimi litakuwa somo." Kukasirika una haki, na mimi nikasirikie pia.

Kuhusu Ulaya, usivunje moyo. Daktari amesema tusubiri kwanza, tutazame mwendo wa moyo, huenda mwakani. Baba amekwisha kuitoa atlasi. Mama naye ana masharti yake. Anataka chumba chenye baraza ya nje ili akae na maji yake bila watu, anataka bandari nyingi na siku chache za maji matupu, na anasema atabeba achari na unga wake wa dengu hata askari wa forodha wasimame mlangoni. Mkichagua, chagueni pamoja naye. Baba anajua bahari kwa majina, lakini anayejua kuchagua meli ni Mama.

Nina ombi moja. Mpigie Mama, si Mandar. Usianze na moyo wa Baba, na tafadhali usiombe radhi, hatajua aiweke wapi. Muulize aliona nini alipoinama pale ukingoni. Hajamwambia mtu, nadhani anakungoja wewe. Jumapili, saa ile uliyozoea kupiga, bado hukaa karibu na simu akijifanya anakunja nguo. Nguo zenyewe zimeshakunjwa.

Msalimu sana shemeji Shirish, na uwabusu Kaivalya na Ira kwa niaba ya Ovi. Mandar anasema amekusamehe kwa kumfanya tarishi. Baba anatuma baraka zake, na ameniagiza nikuandikie kwamba Calgary iko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko unavyodhani. Mungu Ganapati awaondolee vikwazo vyote vya njia, ya kuja na ya kurudi.

Ni mimi wifi yako, anayekupenda hata unaponuna,

Ketaki