Sauti Yako Imo Kihengeni

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini nikianza bila shikamoo utasema misheni imeniharibu.

Mtama tumevuna. Paa la tembe upande wa mbuzi tumelikandika udongo upya. Mdogo wangu Elia amepata kibarua cha reli kule Itigi, na analalamikia chakula kama kawaida yake. Hayo yanatosha. Nakuandikia kwa sababu ya Profesa.

Unamkumbuka, yule Mzungu wa chuo kikuu aliyekuja hapa Mgori na mkewe kuchunguza mila zetu. Mke ndiye aliyeingia ndani na mashine ya kunasa sauti. Mume alibaki kule barabarani, garini, na dereva. Ulisema, nami nikafasiri: "Tutawaimbia ngoma yetu ya wanawake, ila sikio la mwanaume lisiisikie." Mke akaapa. Tukatoka nikamfasiria mume, naye akaapa. Ukaongoza, sisi tukaitikia. Ulivyocheka sauti yako ilipotoka kwenye mashine! Ukauliza, "Huyu bibi kizee anayeniigiza ni nani?"

Basi, amerudi. Peke yake, maana mkewe yuko Ulaya anamuuguza mama yake. Aliposikia umefariki alivua kofia, sitamsingizia. Halafu akasema anaandika kitabu, na lazima autumie ule utepe wenye sauti zetu, yeye na wanafunzi wake. Eti sharti lilikuwa lako, na wewe hupo tena. Kibali cha boma anacho, kwa mkono wa Bwana DC, na jumbe amekwisha kukubali.

Shangazi alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua hata kichwa. "Bwana DC aliimba? Jumbe aliimba?"

Nilitaka kucheka, na hasira nilikuwa nayo. Nikamweleza polepole. Kwetu wimbo si wa mtu mmoja. Aliyeongoza amekufa, walioitikia tupo, na sauti zetu zimo mle mle kwenye utepe. Akatuulize mmoja mmoja, na aulize kama mtu anayejua kwamba anaweza kukataliwa.

Alikwenda. Kwa hilo namsifu. Jua kali, nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake nafasiri "hapana" za kila namna. Mama Yusufu alimpa uji kwanza, ndipo akamkatalia. Jioni Profesa akaniwekea utepe mkononi. Alisema sura nzima ya kitabu imekwenda na maji. Nikamwambia pole, na nilimwonea huruma kweli.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Mashine ilikuwa garini. Je, ningependa kumsikia mama yangu, mara moja tu, kabla hajaondoka?

Mama, tangu tukuzike sauti yako inanipotea. Uso ninao, hata mikono yako ninayo. Sauti inakwenda, kila siku kidogo, na sijui niizuie vipi. Nami pale nimeishika mkononi. Lakini mwenye kujua kuiendesha ile mashine ni yeye, na dereva kaegemea mlango wa gari anatutazama. Wanaume wawili.

Nikasema, "Hapana, Bwana. Asante." Hata yeye alishtuka. Gari likaondoka, na mimi nikalia mpaka Shangazi akaacha ungo wake akaja kukaa nami chini.

Utepe nimeufunga kwa kitambaa chako cha kichwa, uko kihengeni juu ya mtama, panya hawaufikii. Wengine wananiambia nilikuwa mjinga, ungenisamehe. Najua ungenisamehe. Lakini mimi ndiye niliyefasiri kile kiapo, kilipita kinywani mwangu.

Pumzika, Mama. Nitatafuta mwanamke wa kunifundisha mashine ile, hata kama nitampata uzeeni. Siku hiyo nitafunga mlango, tutakuwa wanawake peke yetu, Shangazi akijaliwa naye awepo. Utaongoza, nasi tutaitikia.

Mwanao,
Raheli